Haichaji, Haichajiki, Haichajishwi: Sarufi ya Ubovu katika Gereji za Ifakara

Kuna sentensi moja inayosemwa katika gereji za Bonde la Kilombero, kuanzia Kidatu hadi Mlimba, nayo ina neno moja tu: "Haichaji." Dereva huisema anaposhuka garini. Fundi huirudia anapofungua boneti. Mwenye duka la spea huisikia, akageuka kuitafuta altaneta rafuni. Neno hilo limekwisha kuwagharimu watu fedha nyingi, na hoja yangu katika makala hii ni kwamba gharama hiyo, kwa sehemu isiyo ndogo, ni gharama ya lugha. Kiswahili kina maneno ya kuieleza kazi ya umeme wa gari, tena maneno yaliyopangika vizuri kuliko tunavyodhani. Lakini hatuyatumii kwa ukamilifu wake, na sisi tunaojiita wapenzi wa lugha hatujakwenda kukaa na wenye kazi hiyo ili tuuone utajiri walio nao mdomoni.

Tulichunguze neno lenyewe. *Haichaji* ni kitenzi kilichokanushwa, na kiambishi *i* kinasimama badala ya kitu cha ngeli ya I-ZI. Kitu gani? Betri ni ya I-ZI. Altaneta ni ya I-ZI. Kompyuta ya gari nayo ni ya I-ZI. Hata gari lenyewe, ambalo katika Kiswahili sanifu hupatanishwa kwa LI-YA, barabarani limekwisha kuhamishiwa I-ZI, na hakuna fundi atakayesema "gari halichaji" isipokuwa anazungumza na mwalimu. Kwa hiyo washukiwa wanne wamejificha nyuma ya kiambishi kimoja. Anayelisema neno anadhani amelitaja tatizo, kumbe ametaja dalili tu. Ni sawa na mgonjwa anayemwambia daktari "nina homa", na daktari akamwandikia dawa bila kuuliza homa ni ya nini. Watu wa Ifakara, mji uliokuwa na maabara ya utafiti wa magonjwa ya joto tangu miaka ya 1950, wanajua fika kwamba homa ina asili nyingi na kwamba si kila homa ni malaria.

Zamani utata huo haukuwa na madhara makubwa. Mfumo wa kuchaji wa gari la kale ulikuwa mfupi na mnyofu. Injini inazungusha mkanda, mkanda unazungusha altaneta, ndani ya altaneta sumaku ya umeme inazunguka katikati ya nyaya zilizosukwa, umeme unazaliwa, diodi zinaugeuza uelekee upande mmoja, na regyuleta inauzuia usipande kupita kiasi. Mita ikiwekwa kwenye betri injini ikiwa inanguruma, ilitakiwa isome kati ya volti 13.8 na 14.5 hivi. Ikisoma 12 na ushei, injini ikiwa imewaka, basi altaneta ilikuwa mbovu, au mkanda umelegea, au kaboni zimekwisha. Fundi aliyesema "haichaji" alikuwa sahihi mara nyingi, kwa sababu mtenda alikuwa mmoja.

Siku hizi mtenda si mmoja tena. Katika magari mengi yanayoingia nchini kutoka Japani, altaneta haiamui peke yake itoe umeme kiasi gani. Kompyuta ndiyo inayoamua. Kwenye waya wa hasi wa betri hufungwa kihisi kidogo kinachohesabu umeme unaoingia na unaotoka. Taarifa hiyo hupelekwa kwa kompyuta, pamoja na joto, mwendo wa gari, na mzigo wa taa, feni na kiyoyozi. Kompyuta ikiona betri imejaa na gari liko kwenye mwendo wa kawaida, huiagiza altaneta ipunguze kazi ili injini isibebe mzigo bure na mafuta yasipotee. Dereva akiachia mafuta gari likiwa linateremka, huiagiza ipandishe, kwa sababu hapo nguvu ya kuizungusha inapatikana bila kuchoma mafuta. Hivyo mita inaweza kusoma volti 12.6 au 12.8, injini ikiwa inanguruma na kila kitu kikiwa kizima.

Mwenyeji wa bonde hili hahitaji mfano wa kutoka mbali ili auelewe utaratibu huo. Kituo cha umeme cha Kidatu, chenye uwezo wa megawati 204, kiko hapo juu kwenye mto Ruaha Mkuu. Mashine za Kidatu hazizalishi umeme wote zinaouweza kila saa kwa sababu tu maji yapo bwawani. Zinazalisha kwa kadiri zinavyoagizwa, kulingana na mahitaji ya gridi. Mashine ikipunguzwa usiku wa manane hakuna anayesema imekufa, maana inajulikana kuwa imeagizwa. Altaneta ya kisasa ni Kidatu ndogo iliyofungwa kwenye injini, na chumba chake cha kuongozea ni kompyuta. Aliyezoea altaneta ya kale, iliyokuwa ikifanya kazi bila kusubiri amri, akiikuta hii imetulia, huitangaza imekufa.

Hapa ndipo sarufi inapotufaa. Kiswahili kina mnyambuliko wa vitenzi ambao tumeusoma shuleni kwa kukariri majina ya kauli, kisha tukaufungia daftarini. Fundi wa umeme wa magari anauhitaji mnyambuliko huo zaidi ya mtahiniwa wa kidato cha nne. Tazama jinsi kitenzi kimoja, kikipewa viambishi vyake, kinavyogawanya ubovu katika mafungu yanayoeleweka.

Fungu la kwanza ni kauli ya kutenda: *altaneta haichaji*. Hapa mtenda mwenyewe ndiye mgonjwa. Amri imefika, mkanda unazunguka, lakini umeme hauzaliwi, au unazaliwa pungufu. Kaboni zimelika, diodi imeungua, nyaya za ndani zimekatika. Hapa ndipo peke yake penye haki ya kuifungua altaneta au kununua nyingine.

Fungu la pili ni kauli ya kutendwa: *betri haichajiwi*. Altaneta inafanya kazi yake, lakini umeme haumfikii mlengwa. Tatizo liko njiani: fyuzi kuu imekatika, kebo imeliwa na kutu, ethi imelegea kwenye bodi. Fundi hulithibitisha kwa kuweka ncha moja ya mita kwenye nguzo ya kutolea umeme ya altaneta na nyingine kwenye chanya ya betri, injini ikiwa inanguruma na taa zimewashwa. Njia nzima haitaonyesha tofauti kubwa. Ikifika nusu volti au zaidi, njia imeharibika. Hurudia kipimo hicho upande wa ethi, kati ya mwili wa altaneta na hasi ya betri, kwa sababu umeme unaokwenda lazima urudi.

Fungu la tatu ni kauli ya kutendeka: *betri haichajiki*. Mtenda ni mzima, njia ni nzima, lakini mpokeaji hawezi tena kupokea. Betri imezeeka, sahani zake zimechakaa, au chumba kimoja kimekufa. Betri nzima iliyojaa na kupumzika husoma volti 12.6 hivi. Iliyojazwa jioni ikaamkia 11 hali gari halina kitu kinachonyonya umeme usiku, hiyo haichajiki, na hakuna altaneta duniani itakayoiponya.

Fungu la nne ndilo jipya, nalo ndilo linalotuponyoka: *altaneta haichajishwi*. Hii ni kauli ya kutendeshwa. Altaneta inaweza kuchaji, betri inaweza kupokea, njia iko wazi, lakini yule anayepaswa kuamuru hajaamuru inavyopasa. Waya mwembamba wa ishara umekatika, soketi imeingia maji, kihisi cha kwenye hasi kinadanganya, au kompyuta yenyewe ina kasoro. Altaneta mpya ikifungwa hapa, nayo haitachajishwa, kama ile ya kwanza.

Nani atasema maumbo haya ni ya kubuni? *Kuchajisha* kumeandikwa kwa rangi kwenye kuta za vibanda vya simu kote vijijini. *Haichajiki* husemwa na kila mwenye simu iliyochoka. *Haichajiwi* na *haichajishwi* hazisikiki sana, lakini kila Mswahili akizisikia atazielewa papo hapo bila kufunguliwa kamusi. Huo ndio utamu wa lugha yenye mnyambuliko: neno lisilowahi kusemwa huzaliwa likiwa na maana kamili. Lugha ambayo maarifa ya magari yameandikwa kwayo hulazimika kutumia sentensi ndefu au majina marefu ya vifaa ili kuonyesha tofauti hizi nne. Sisi tunazionyesha kwa silabi moja au mbili.

Bado kuna fungu la tano, nalo linatofautiana na la nne kwa njia inayonifurahisha kila ninapoifikiria. Ni pale altaneta inapokuwa kimya kwa sababu kompyuta imeona hakuna haja ya kuchaji. Huo si ubovu, na Kiswahili kina kiambishi kinachofaa hali hiyo hasa, yaani *ja* ya ukanushi: *haijachajishwa*. Kati ya *haichajishwi* na *haijachajishwa* kuna tofauti ya mgonjwa na mtu aliyelala. *Haichajishwi* ina maana kwamba amri inatakiwa na haifiki. *Haijachajishwa* ina maana kwamba amri haijatolewa kwa sasa, na itakapohitajika itatolewa. Fundi anaweza kuzitenganisha hali hizi kwa dakika mbili: awashe taa kubwa, feni na kipasha joto cha kioo cha nyuma, kisha aangalie mita. Ikipanda hadi 14 na zaidi, gari lilikuwa halijachajishwa tu. Ikibaki palepale na kuendelea kushuka, hapo kuna jambo la kutafuta. Katika baadhi ya magari ya Honda, tangu miaka ya 1990, kuwasha taa kubwa kunatosha kuutoa mfumo kwenye hali ya chini na kuupeleka kwenye hali ya juu. Asiyelijua hili anaweza kuing'oa altaneta nzima na kuwashangaza hata waliomuuzia nyingine.

Mtu atauliza: kwa nini Ifakara? Je, magari ya Dar es Salaam hayana kompyuta? Yanazo. Lakini katika bonde hili kosa la kubaini huumiza zaidi, na mazingira yenyewe huzalisha makosa ya fungu la pili na la nne kwa wingi. Bonde la Kilombero ni ardhi oevu kubwa iliyotambuliwa chini ya mkataba wa Ramsar mwaka 2002. Masika yanapofika, maji hutanda kwenye mbuga na barabara za vijijini. Gari linalopita kwenye dimbwi hunyunyiza tope kwenye soketi zilizo chini ya injini, na kiangazi vumbi la njia za mashambani huingia kila penye upenyo. Soketi ya altaneta ina vipini vyembamba, na kutu kidogo tu kwenye kipini cha ishara hutosha kuifanya kompyuta na altaneta zisisikilizane. Tena hili ni bonde la mpunga. Penye mpunga pana panya, na panya anayekula magunia hashindwi kutafuna waya wa gari lililolala kando ya ghala.

Kuna jambo jingine ambalo huku limekuwa desturi. Gari la kubeba abiria au mpunga kwenda Malinyi au Mlimba hufungiwa vitu vya ziada: redio yenye spika kubwa, taa za kumulikia njia, kifaa cha kugeuza umeme ili abiria wachaji simu. Anayevifunga huchukua waya wa moto kutoka chanya ya betri na waya wa ethi moja kwa moja kutoka nguzo ya hasi. Kwenye gari la kale hilo halikuwa na neno. Kwenye gari lenye kihisi cha kuhesabu umeme, ethi iliyofungwa juu ya nguzo hukikwepa kihisi. Umeme unatumika bila kuandikwa kwenye hesabu. Kompyuta inaamini betri imejaa, kumbe inanyonywa, nayo haitoi amri ya kuchaji kwa kiasi kinachotakiwa. Baada ya wiki chache betri inakufa, inanunuliwa nyingine, nayo inakufa. Dawa yake ni kuihamishia ethi ile kwenye bodi ya gari, kazi ya spana moja. Lakini nani ataifikia dawa hiyo ikiwa swali lililoulizwa tangu mwanzo lilikuwa "haichaji" na jibu lake lilikuwa "badilisha altaneta"?

Tangu daraja la mto Kilombero lianze kutumika badala ya kivuko, magari yanayokwenda Mahenge na Malinyi yanapita Ifakara kila siku. Gari likizimika huko ng'ambo, halizimiki peke yake. Mzigo wa mpunga unanyeshewa, mgonjwa aliyekuwa anakimbizwa hospitali ya Mtakatifu Fransisko anasubiri kando ya njia, na dereva anayelipwa kwa siku anakosa siku yake. Kwenda kutafuta mtaalamu Morogoro mjini ni safari ya zaidi ya kilomita 200. Basi utambuzi wa ubovu lazima ufanyike hapa hapa, na ufanyike kwa lugha wanayoiota wanaoufanya.

Nazijua pingamizi zitakazoletwa. Ya kwanza itasema kwamba mashine za kupimia magari huzungumza Kiingereza, kwa hiyo fundi ajifunze Kiingereza, basi. Ni kweli, ukichomeka mashine kwenye soketi ya pini 16 iliyo chini ya usukani utapata msimbo kama P0562, nao utaambatana na maelezo ya Kiingereza. Lakini tazama msimbo huo unasema nini: kwamba volti ya mfumo iko chini. Basi. Haukuambia ni nani aliyeishusha. Msimbo P0622 huelekeza kwenye saketi inayoongoza sumaku ya altaneta, lakini nao hautaji kama kosa liko kwenye waya, kwenye altaneta au kwenye kompyuta. Mashine inasema *haichaji* kwa namba. Kazi ya kuligawa neno hilo katika mafungu yake inabaki kwa binadamu, nayo hufanyika kwa kufikiri, na mtu hufikiri vizuri zaidi kwa lugha anayoimiliki. Kijana aliyekariri tafsiri ya misimbo pasipo kuuelewa mfumo hutofautiana kidogo sana na mpiga ramli. Ameona ishara, ametaja spea, amepokea fedha.

Pingamizi ya pili itatoka kwa ndugu zetu walinzi wa usafi wa lugha. Watasema *chaji* ni neno la kigeni, na kulinyambulisha ni kuupa uchafu miguu. Nawaomba watazame *fikiri*, *samehe*, *hitimu* na *safiri*. Maneno haya yalifika kwetu kutoka Kiarabu, tukayapokea, tukayavika viambishi vyetu, tukapata *fikirisha*, *sameheka*, *hitimisha* na *safirishwa*. Leo hakuna anayeyaita wageni. Neno huwa letu siku linapokubali kunyambuliwa, na *chaji* imekwisha kukubali. Ningehofu zaidi kama mafundi wangesema "haiko kwenye hali ya kuwa inafanyiwa chajingi". Hapo ndipo sarufi ingekuwa imetekwa, na msamiati ungekuwa jambo dogo.

Pingamizi ya tatu ndiyo nzito. Inasema kwamba istilahi zina wenyewe. Baraza la Kiswahili la Taifa lipo tangu mwaka 1967, na ndilo lenye dhamana ya kusanifu. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ambayo leo ni sehemu ya TATAKI katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Je, fundi wa Ifakara atashindana na kazi hiyo? Hashindani nayo, anaikamilisha. Kamusi ya fizikia itakupa *mkondo*, *chanya*, *hasi* na *ukinzani*, na hayo ni maneno mazuri yanayofaa kufundishwa. Lakini kamusi ya darasani haina sababu ya kukuambia kwamba fundi anauita waya wenye umeme *waya wa moto*, kwamba husema "moto haufiki hapa" akiwa na maana ya volti sifuri, kwamba *shoti* ni jambo moja na *moto kuvuja* ni jingine. Maneno hayo yana mantiki yake. *Moto haufiki* inaitaja njia na mwisho wa njia kwa pamoja, na ndicho hasa fundi anachotaka kukijua. Msanifu anayekaa ofisini akabuni neno bila kuyasikia haya atatoa neno safi litakalokaa kabatini, kama yalivyokaa mengine tunayoyafahamu. Tumegombana miaka mingi juu ya *tarakilishi* na *ngamizi*, na wakati huo wote fundi amesema *kompyuta ya gari* na ameendelea na kazi.

Kwa hiyo ninapendekeza mambo matatu, na yote yako ndani ya uwezo wetu.

La kwanza, wanafunzi wa Kiswahili wanaotafuta mada za tasnifu waende gereji. Badala ya tasnifu nyingine juu ya dhamira katika riwaya ambayo imekwisha kuchambuliwa mara ishirini, mtu akae miezi mitatu na mafundi umeme, aandike wanavyouliza, wanavyobishana, wanavyomfundisha kijana wa kazi. Aonyeshe kauli zipi za kitenzi zinatumika na zipi zimeachwa. Hiyo ni isimu, tena yenye faida kesho yake asubuhi.

La pili, vyuo vya ufundi vifundishe sarufi ya ubovu pamoja na ubovu wenyewe. Mwanafunzi anapoambiwa apime mfumo wa kuchaji, aanze kwa kulijibu swali la lugha: je, haichaji, haichajiwi, haichajiki, haichajishwi au haijachajishwa? Kila jibu lina kipimo chake, na hakuna jibu linaloruhusiwa bila kipimo. Mwalimu atashangaa jinsi mpangilio wa maneno unavyoleta mpangilio wa mikono.

La tatu linatuhusu sisi watunzi. Utenzi ulikuwa chombo cha kufundishia kabla haujawa pambo. Mwana Kupona alipomuusia binti yake katika karne ya 19, alichagua bahari ya utenzi kwa sababu inashikika kichwani. Kijana aliyejipinda chini ya boneti, mikono ina grisi, hawezi kufungua kitabu. Lakini anaweza kukumbuka beti. Mtu akitunga beti hizo kwa uangalifu, mizani ikiwa sawa na maarifa yakiwa ya kweli, atakuwa amefanya kazi ambayo hakuna mtafsiri wa vitabu vya kigeni anayeweza kuifanya. Natoa mfano tu, wenye kuweza zaidi waendeleze:

Kwanza betri uipime,
na injini uizime,
waya zake zitazame,
kutu kama yaziuma.

Kisha gari uliwashe,
feni nayo izungushe,
na taa usibakishe,
mita uisome vyema.

Volti zikibaki chini,
usikimbie dukani,
uliza agizo gani
kompyuta imelisema.

Atakayezikosoa beti hizi kwa vina au mizani, namkaribisha. Atakayezikosoa kwa upande wa umeme, namkaribisha zaidi, maana beti ya kufundishia ikipotosha, uzuri wa vina vyake unaongeza madhara.

Lugha hukua inapofanya kazi. Tunaiadhimisha kila tarehe 7 Julai kwa hotuba na ngonjera, na ni vyema. Lakini heshima ya Kiswahili katika bonde hili itapimwa pia kwa jambo dogo ambalo halina jukwaa: dereva aliyekwama kando ya njia ya Malinyi anampigia simu fundi wake Ifakara. Anamwambia, "Fundi, nimewasha taa zote, mita imegoma kwenye kumi na mbili, na ule waya mwembamba hauna moto. Nadhani haichajishwi." Na fundi, bila kutoka alipo, anamwambia aisafishe soketi ipi. Sentensi hiyo ikizoeleka, altaneta nyingi nzima zitabaki mahali pake, na fedha za mpunga zitabaki mfukoni mwa aliyeulima.